Benye Udongo Basimame

Kila mwezi wa tatu ukikaribia, wenzangu wa kikundi cha wanawake hapa Uvira wananinunia. Sababu ni moja. Siku ya maandamano ya wanawake, mgeni wa heshima anapopanda jukwaani na kusema wamama wote wasimame, mimi sisimami. Nimevaa kitenge cha sherehe kama wao, nimefunga kitambaa, nimetoka Kavimvira kwa miguu nikikanyaga matope ambayo ziwa limetuachia barabarani, lakini sisimami. "Weye mama, ile kiti ilikuoa?" mmoja alinitania mwaka jana. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikabaki nimekaa.

Sina ugonjwa wa magoti. Nina hasira, na hasira hiyo ilizaliwa mbali na hapa, kwenye uwanda wa Ruzizi, karibu na Lubarika, katika bonde dogo ambamo mama yangu alikuwa akichimba udongo wa kufinyangia.

Sisi ni Batwa. Mashirika yana majina mengi mazuri ya kutuita, lakini kule kijijini jina lilikuwa hilo moja, na mara nyingi lilisemwa kwa mdomo uliopinda. Mama alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na bibi yake. Alikanyaga udongo kwa miguu mpaka ukawa laini, akachanganya na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika ili chungu kipya kisipasuke motoni, halafu akajenga chungu pole pole kuanzia chini, bila mashine yoyote, akikizunguka yeye mwenyewe kana kwamba anakibembeleza. Nusu ya mitaa ile ilipikia maharagi katika nyungu zake. Nyungu ndivyo tunavyoviita vyungu kwetu. Watu walikuwa wanasema maharagi ya sufuria hayana utamu, na walikuwa wanasema kweli.

Lakini mama alipopeleka chungu kwa mteja, jua kali, akaomba maji, hakupewa kikombe. Alichuchumaa mlangoni, akaunganisha viganja vyake viwili, na mwenye nyumba akamimina maji kutoka juu kwa uangalifu ili chombo kisiguse mikono yake. Mutwa hanywi katika kikombe cha watu. Chakula kinaiva ndani ya chungu alichokikanyaga kwa miguu yake, hapo hakuna shida, shida ni kikombe. Nilikua nikidhani kwamba viganja ndivyo vikombe vya kwetu, kama vile watu wengine wanavyokuwa na sahani zao.

Bonde lenyewe halikulimwa. Watu walisema ni la shefu, yaani chifu, kwa sababu kila kitu kisichokuwa na mtu ni cha shefu, lakini shefu mwenyewe sikuwahi kumwona akiweka mguu pale. Udongo wake ulinata, maji yalisimama, jembe lilikwama. Sisi tu ndio tuliokuwa na shughuli humo. Ila mashamba ya mpunga yalikuwa yanasogea kutoka pande zote mbili, na kila mvua zilipoisha tulikuta tuta limejengwa mbele kidogo kuliko tulivyoliacha. Mama alikuwa anasimama pale na jembe lake begani akipima kwa macho. "Udongo ya nyungu haiko kila pahali," alikuwa ananiambia. Hakuhitaji kuongeza neno. Bila lile bonde mama hakuwa na kazi, na bila kazi hiyo hatukuwa na kitu cha kuweka jikoni.

Jirani yetu mmoja mwenye mashamba ya mpunga ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa mama. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha wanawake pale kijijini. Nimejaribu miaka mingi kumchukia kabisa, imenishinda. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nikawa natoka damu isiyokatika, ni yeye aliyesimamisha pikipiki barabarani kwa kelele zake, akapanda nyuma yangu, akanikumbatia njia nzima mpaka kituo cha afya, damu yangu ikimlowesha kitenge. Siku ile hakuuliza mimi ni nani. Nilipopona, nilirudi kunywa maji kwake kwa viganja kama kawaida.

Kikundi chao kilikuwa kizuri, niseme ukweli. Walilimiana kwa zamu, mwenzao akifiwa walilala kwake, akizaa walimchotea maji. Sisi Batwa tulikuwa tunatazama kutoka pembeni. Halafu likaja shirika moja, na shirika likasema haliwezi kusaidia kikundi ambacho hakina wanawake wa kila kabila. Basi mama yule mnene, ambaye sasa alikuwa anaitwa mama prezida, akaja mwenyewe kwenye boma letu. "Mama wa nyungu," alimwambia mama yangu, "kuyeni mwingie mu kikundi yetu. Siye bote tuko bamama." Tukaingia wanne: mama, mama mdogo, wifi yangu, na mimi. Walituhitaji kama chumvi inavyohitajika katika maharagi, tuwepo lakini tusizidi.

Siku ya kwanza tulikaa juu ya mkeka mmoja na wengine, kwenye kona yake. Chai ilipokuja, vikombe vyao vilikuwa vya rangi nyekundu, na vyetu vinne vilikuwa vya njano. Baada ya mkutano vile vyekundu vilioshwa pamoja, na vile vya njano vikatiwa peke yake katika mfuko wake, vikafungwa. Mimi niliona nikakasirika hapo hapo. Mama yeye alikuwa anatabasamu kama bibi harusi. Alinigusa kwa kiwiko, akainua kikombe chake cha njano.

"Angalia," alisema. "Leo niko nakunywa na mukono moja."

Niliinua changu, nikanywa.

Tulifundishwa kutengeneza sabuni. Tulifundishwa haki ya mwanamke. Tulifundishwa neno refu la Kifaransa, otonomizasyo, maana yake mwanamke ajitegemee. Mama mdogo, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, alisikia otomobili, akakaa wiki nyingi akingojea gari la wamama lifike, na alituuliza kama kutakuwa na nafasi ya kupakia vyungu mpaka soko la Kamanyola. Tulimcheka mpaka machozi. Sasa najua kwamba yeye na sisi tulikuwa na akili ile ile.

Siku moja tuliambiwa tuvae vizuri, wageni wakubwa wanakuja. Mgeni mmoja alikuwa mama mwenye Kifaransa safi kutoka Bukavu, mwingine ni mzungu msichana mwenye kamera. Tulikaa wote juu ya mikeka mbele ya kanisa. Mwalimu wetu wa shirika, yule tuliyemwita animatrisi, alisimama katikati kutafsiri. Mama wa Bukavu alizungumza muda mrefu, na animatrisi akatueleza kwamba shirika limepata njia ya kutusaidia na shamba. Kikundi kitachagua kipande cha ardhi, shirika litakaa na shefu mpaka karatasi zitoke, na kipande hicho hakitachukuliwa na mtu tena. Nilimwangalia mama. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu, na nilijua anawaza nini kwa sababu mimi pia nilikuwa nawaza lile bonde.

Halafu mama wa Bukavu akasema msaada huu ni kwa wanawake otoktoni, na angependa kuwaona, wasimame. Animatrisi alifikiri kidogo. Otoktoni ni neno gumu. Nimelichunguza baadaye, na maana yake ni mtu wa udongo wa pale pale, mwenyeji asiyetoka mahali pengine. Kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba alikosea. Alitafsiri sawasawa.

"Benye udongo basimame," alisema.

Wakasimama. Walisimama wote, mara moja, kwa kishindo cha vitenge, na mama prezida mbele yao. Nani atakaa chini akiulizwa kama udongo anaoukanyaga ni wake? Kuna aliyetoka kwa wenye mashamba, kuna aliyeolewa pale, kuna ambaye babu yake alishuka kutoka milimani, wote walisimama. Na mimi nilianza kuinuka. Nilikuwa nimesikia neno udongo, na miguu yangu ilidhani tumeitwa sisi. Mama akanivuta kikwembe changu kutoka chini kwa nguvu hata fundo likalegea.

"Ikala," alininong'oneza. "Unataka batuchekelee? Udongo iko na benyewe."

Nikakaa. Wifi yangu alikuwa hajajaribu, na mama mdogo alikuwa anaendelea kunywa chai yake. Tulibaki wanne kwenye kona ya mkeka, tukitazama migongo ya watu.

Mama wa Bukavu alifurahi sana. Alipiga makofi. Yule msichana wa kamera alirudi nyuma, akachutama, akawapiga picha wote waliosimama wakicheka. Halafu mama wa Bukavu akatuona. Akauliza, na swali halikuhitaji kutafsiriwa kwa sababu alituonyesha kwa kidole: na wale?

"Bale?" mama prezida alijibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja mvua. "Bale ni Batwa. Bo ni bageni betu. Banatuletea nyungu."

Sijui animatrisi alitafsiri nini. Alisema maneno machache ya Kifaransa, na mama wa Bukavu akatupungia mkono.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Waliosimama waliambiwa wachague kipande. Nani atatoa shamba lake liwe la wote? Walizungushana maneno mpaka mmoja akasema kuna lile bonde la matope, halina mtu, likifunguliwa mifereji litatoa mpunga mzuri. Wote wakaitika. Mama yangu hakuwahi kufungua mdomo katika mikutano. Siku ile alifungua.

"Na siye tutachimba wapi?"

Mama prezida alimgeukia kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. "Mama wa nyungu, usiogope. Mutakuwa munaomba. Hatutabakatalia."

Bonde lilifunguliwa mifereji. Maji yakatoka, matuta yakajengwa, mpunga ukasimama, na kando ya njia likawekwa bango zuri la chuma lenye maandishi ya Kifaransa. Tulilipita kila siku. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, kwa hiyo nilikuwa natamka herufi zake nikienda kuteka maji, shamba la jamii la wanawake otoktoni, na sikujua kwamba natamka jina langu.

Nililijua hapa Uvira. Mume wangu alipata kazi ya kushusha mizigo bandarini Kalundu, nikamfuata, nikaingia katika kikundi cha hapa. Katika semina moja mwanasheria, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, alitueleza kwamba katika karatasi za serikali na za mashirika neno otoktoni linamaanisha Batwa. Linamaanisha sisi, waliokuwepo kabla ya wengine wote kufika. Alisema zamani walituita kwa majina ya dharau, ndipo wakubwa wakakubaliana kutumia neno la heshima. Nilianza kucheka. Nilicheka vibaya, kicheko kisichonisikiliza, mpaka wakanitoa nje wakanipa maji. Kwa kikombe. Nilikitupa ukutani.

Nilipanda mpaka Lubarika kumwambia mama. Nilimkuta anabangua maharagi mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Otoktoni ni siye?" aliuliza.

"Ni siye, mama."

"Bale siku ile balikuwa banatuita siye?"

"Ni siye balikuwa banaita."

Alibangua mengine machache. "Sasa juu ya nini habakusema Batwa?" aliuliza. "Bangesema Batwa, tungesimama. Ile jina tunaijua."

Nilikuwa na majibu ya semina tayari mdomoni, dharau na heshima na yote yale, nikayameza. Walituheshimu mpaka tukakosa udongo. Tangu siku hiyo mtu akiniambia nisimame, namuuliza kwanza moyoni amesema nini kwa lugha yake mwenyewe, na kwa kuwa sipati jibu, ninakaa.

Nilikwenda kwa mama prezida nikiwa na moto. Nilimweleza maana ya neno, nilimweleza bango linasema nini, nilimwambia shamba lile lilikuwa letu. Nilitarajia anifukuze. Alikaa chini kwenye kigogo, akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

"Kama weye njo mwenye udongo," alisema, "sasa miye niko nani? Mugeni? Babu yangu iko amezikwa hapa. Na baba yangu. Unataka niende wapi?"

Akalia. Mtu ambaye damu yangu ilimlowesha alikuwa analia mbele yangu akiogopa kwamba nitamfukuza kwao, mimi ambaye sina hata pa kupanda muhogo. Nilimwambia anyamaze. Nikamwacha na shamba.

Hapa mjini nilikwenda kwenye ofisi ya shirika. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa kiti. Alinieleza kwamba mradi ule ulifungwa zamani, wahusika wamehamishwa, na matokeo yalikuwa mazuri. Alinionyesha matokeo yenyewe: picha kubwa kwenye ukuta wa koridoo, wanawake wamesimama wakicheka mbele ya kanisa. Niliitafuta familia yangu. Pembeni kabisa, chini, picha ilipokatwa, kulikuwa na kona ya mkeka na mguu mmoja wenye nyufa ambao ningeutambua popote, kwa maana ndio uliokanyaga udongo uliotulisha. Kijana aliniuliza kama ninamfahamu mtu yeyote katika picha. Nilimwambia hapana.

Mama alizeeka akiomba. Mwanzoni walimpa udongo bure, halafu wakaona si haki kwa wenzao wanaolima, wakamwambia apalilie mpunga kwanza ndipo achimbe kwenye ukingo wa mfereji. Mwanamke aliyefinyanga tangu alipokuwa msichana alikuwa anainama katika mpunga wa watu, ndani ya shimo la bibi yake, ili apate mabonge ya chungu kimoja. Na kwenye mikutano alikuwa bado anakwenda. Nilimgombeza. Nilimwambia abaki nyumbani, asiwape kichwa chake cha kuhesabu mbele ya wageni. Alinijibu kwamba nyumbani hakuna wa kuongea naye, na pale wanampa chai. Alikuwa anakipenda kile kikombe cha njano. Hilo linaniuma kuliko bonde.

Alikufa kwa kifua, wakati wa mvua. Nilifika nikakuta kikundi kizima kimekuja. Walikuwa wamemwosha. Walikuwa wamepika bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa vyungu vyake, wametandika mikeka, na mama prezida, sasa mzee, miguu imevimba, alilala ubavuni pangu siku zote za kilio akinishika mkono. Sijawahi kutunzwa vile na mtu. Nilikuwa nawapenda na kutamani kuwauma.

Sisi hatukuwa na mahali pa kuzika. Wazee wetu tuliwazika pale walipokubali wenye mashamba. Kikundi kikakaa, kikajadiliana, kikakata shauri kwamba marehemu alikuwa mwanachama wao mwaminifu, kwa hiyo watamtolea nafasi kwenye shamba lao, pembeni, karibu na bango. Mama prezida aliniletea habari hiyo macho yakiwa yamejaa machozi. Ilikuwa zawadi kubwa, na alijua ni kubwa. Nililazimika kusema asante. Nilisimama mbele yao wote nikasema asante.

Vijana walichimba. Udongo wa juu ulitoka mweusi, wa mpunga, halafu chini ya hapo ukaanza kutoka ule wa kijivu, laini, usio na mchanga, ambao kwenye ukingo wa mfereji ulikuwa umekwisha miaka mingi. Waliutupa kwa majembe, rundo zima, ukiwa unang'aa. Mama mdogo aliuona. Tulitazamana.

Mhubiri aliposema mwenye kufiwa atangulie kutia udongo, nilisogea. Niliinama, nikachota kwa mkono wa kuume, nikatia kaburini. Kwa mkono wa kushoto nilichukua bonge jingine, kubwa kadiri ya kichwa cha mtoto, nikalifunga ndani ya kikwembe, nikaliweka tumboni. Mama prezida aliniona.

Sikuomba mtu.